Nimekutuma nini?

Jioni, kwenye ua mmoja wa Kamenge, mjini Bujumbura, mama anamwita mwanawe wa miaka minane. Mkono mmoja umeshika noti ya franka elfu kumi, mwingine bado una unga wa muhogo. "Nenda dukani. Ndagala kopo mbili, mafuta ya mawese nusu lita, kiberiti kimoja. Chenji uilete." Mtoto ameshageuka, mguu mmoja uko nje ya lango. "Rudi hapa. Nimekutuma nini?" Mtoto anatazama juu kama anayesoma angani. "Ndagala kopo moja, mafuta..." "Kopo ngapi?" "Mbili. Ndagala kopo mbili, mawese nusu lita, kiberiti, na chenji." "Haya, kimbia."

Wakati huohuo ndege inashuka kuelekea uwanja wa Melchior Ndadaye, kule magharibi mwa mji kwenye bonde la Rusizi. Redioni, watu wawili ambao huenda hawajawahi kuonana wanafanya kilekile kilichofanyika langoni: mmoja anatuma, mwingine anarudisha maneno, na aliyetuma anasikiliza kama yamerudi yakiwa mazima. Nataka kuyasoma mazungumzo yao kama tunavyosoma shairi au ngonjera, kwa kuangalia fani. Darasani tumezoea kusema kwamba fani ni chombo na maudhui ndiyo yaliyomo. Katika utanzu huu mgawanyo huo haufai. Nafasi kati ya ndege mbili inajengwa kwa maneno, na maneno yenyewe yanashikiliwa na umbo lao. Umbo likivunjika, nafasi nayo imekwisha.

Huu hapa mfano. Nimeutunga mwenyewe kwa kufuata kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, na nimeutia Kiswahili:

— Tano Hotel Alfa Mike Juliett, Bujumbura, shuka hadi ngazi moja tano sifuri.

— Nashuka hadi ngazi moja tano sifuri, Tano Hotel Alfa Mike Juliett.

Mishororo miwili tu. Wa kwanza ni wa mwongoza ndege, wa pili ni wa rubani. Tazama jina lilipokaa. Mwongoza ndege analitanguliza kwa sababu marubani wote walio kwenye wimbi lile wanamsikia, na jina ndilo linalomwamsha mmoja kati yao. Rubani analiweka mwisho, mahali pa sahihi kwenye barua. Kwa hiyo ubeti unafunguka kwa jina na kufungwa kwa jina lilelile, mara ya kwanza likiwa "wewe", mara ya pili likiwa "mimi". Kilichofungiwa katikati hakiwezi kumwangukia mtu mwingine.

Tazama pia kitenzi. "Shuka" imekuwa "nashuka". Herufi mbili zimeongezeka, na amri imegeuka ahadi. Kiingereza cha redioni hakionyeshi nafsi mahali hapa, kinabadilisha mwisho wa kitenzi tu, lakini Kiswahili kinaliweka tendo wazi: aliyeagizwa sasa ndiye mwenye kutenda, na amelisema kwa kinywa chake mbele ya wote wanaosikia. Sehemu ya nambari haibadiliki hata kidogo. Moja tano sifuri imekwenda, moja tano sifuri imerudi. Takriri ya namna hii mhakiki wa mashairi angeweza kuiona uvivu wa mtunzi. Hapa ndiyo mzigo wote. Ngazi 150 ni futi 15,000, na kama ndege nyingine iko futi 14,000, kilichobaki kati yao ni futi 1,000, kama mita 300. Mtoto yule wa lango anaukimbia umbali huo akitumwa dukani.

Kuna mshororo wa tatu, nao hausikiki. Rubani akikosea, mwongoza ndege anatakiwa kumkatiza na kusema agizo upya. Akipatia, mara nyingi hakuna neno linalofuata. Ukimya ndio unaosema "ndiyo". Kwangu mimi hapa ndipo penye ustadi mkubwa wa utanzu huu, na hapohapo ndipo penye udhaifu wake mkubwa, kwa sababu ukimya wa mtu aliyesikiliza na kuridhika unafanana kabisa na ukimya wa mtu ambaye hakusikiliza. Mama wa Kamenge yuko salama zaidi, maana yeye humtazama mtoto usoni.

Tarehe 19 Februari 1989, Boeing 747 ya mizigo ya Flying Tiger ilikuwa inakaribia Kuala Lumpur. Mwongoza ndege aliiagiza ishuke mbili nne sifuri sifuri, yaani futi 2,400. Kwa Kiingereza "mbili" na "hadi" hutamkwa sawasawa. Rubani akasikia "hadi nne sifuri sifuri", akarudisha nne sifuri sifuri, na hakuna aliyemkatiza. Ndege ikagonga kilima na watu wote wanne waliokuwamo wakafa. Ukiyatazama maandishi ya mazungumzo yale, kosa linaonekana waziwazi: mshororo wa pili una tarakimu moja pungufu. Kwa lugha ya ushairi, mizani zimepungua. Sikio lililozoea kudai mizani kamili lingeshtuka kabla ya akili kuelewa maana.

Kwa sababu ya mitego ya namna hiyo nambari husemwa tarakimu moja moja. Kwa Kiingereza, tano na tisa hurekebishwa matamshi, tisa ikiongezwa silabi ya pili, zisichanganyike kwenye mkwaruzo wa redio. Sisi watu wa Bujumbura tunaujua mtego wa nambari kwa njia yetu. Tunazungumza Kiswahili au Kirundi, lakini namba ya simu tunaitaja kwa Kifaransa, mbilimbili. Namba nyingi za hapa zinaanza na 79, na 79 kwa Kifaransa cha Ufaransa inaanza kwa neno la sitini, si la sabini kama tunavyosema sisi. Akiitaja aliyezoea Kifaransa hicho, anayeandika anasikia sitini, kalamu inachora 6, halafu yanafuata kumi na tisa na anafuta. Ni mara ngapi tumefuta! Kiswahili nacho kina mapacha wake: nne na nane, na hasa sita na tisa, ambazo ni konsonanti zilezile zilizobadilishana viti. Lugha yetu ingepewa kazi ya angani, mtu angelazimika kukaa chini na kuzitenganisha.

Herufi zimefanyiwa kazi hiyo tayari, na kwa uangalifu unaonigusa. Katika orodha ya majina ya herufi iliyoanza kutumika duniani mwaka 1956, Alfa imeandikwa kwa f, kwa kuwa si kila msomaji anajua kwamba p na h zikikaa pamoja ni sauti ya f. Juliett imepewa t mbili mwishoni, kwa ajili ya watu waliosoma Kifaransa, ambao wakiona t moja wangeimeza. Waliotunga orodha ile walimfikiria mtu wa Bujumbura au wa Dakar, wakamwekea herufi moja ya ziada ili asije akapotea.

Utanzu huu una hadhira pia. Wimbi la redio ni baraza: agizo lililotolewa kwa mmoja husikiwa na wote, na kila rubani huchora ramani kichwani kutokana na maneno ambayo hakuambiwa yeye. Akisikia mwenzake anashuka hadi ngazi ile ambayo yeye yuko, anauliza. Hadhira hii inasikiliza ili iishi, ndiyo maana suala la lugha si dogo. Kanuni zinaruhusu lugha ya kituo cha ardhini au Kiingereza, na katika nchi zinazotumia Kifaransa zote mbili husikika kwenye wimbi moja. Tarehe 25 Mei 2000, usiku, kwenye uwanja wa Charles de Gaulle mjini Paris, ndege moja iliruhusiwa kuruka kwa Kifaransa. Nyingine, ya mizigo, yenye marubani waliozungumza Kiingereza, iliruhusiwa kuingia njia hiyohiyo ya kurukia. Wangeweza kusikia kwamba kuna mwenzao anayekuja mbio. Walisikia sauti bila maneno. Bawa la ndege iliyokuwa ikiruka lilipita kwenye chumba chao, na mmoja wao akafa. Kwa Burundi, yenye Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, naona fundisho la Paris ni la karibu sana. Ukimwagiza mtu kwa lugha asiyoijua jirani yake wa angani, agizo limefika lakini hadhira imevunjika.

Sasa niseme juu ya wakati katika kitenzi, maana hapo ndipo palipotokea ajali iliyoua watu wengi kuliko zote za ndege kugongana. Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mnara haukuona njia ya kurukia, na ndege mbili za Boeing 747, ya KLM na ya Pan Am, hazikuonana. KLM ilikuwa imesimama mwisho wa njia. Pan Am ilikuwa bado inatembea juu ya njia ileile ikitafuta pa kutokea. Mwongoza ndege akawasomea KLM maelekezo ya safari, namna ya kwenda baada ya kuruka, na ndani yake mlikuwamo neno lenyewe "kuruka". Rubani msaidizi akarudisha maelekezo yote, kisha akaongeza kifungu kimoja cha Kiingereza kisichonyooka, ambacho kwa Kiswahili ningekitafsiri "sasa tuko kwenye kuruka".

Tuko kwenye kuruka. Ni wakati gani huo? Mwongoza ndege alielewa kwamba wako mahali pa kurukia, tayari, wanasubiri. Rubani alimaanisha kwamba magurudumu yameanza kuzunguka. Kiswahili kinalijua shimo hili vizuri. Mtu anasimama kwenye kikao, anavaa viatu, anasema "nakuja", na anachomaanisha ni kwamba anaondoka. Mwingine anakuambia kwa simu "niko njiani" na bado unasikia maji ya kuoga. Kiambishi -na- ni chumba kikubwa, anaingia anayetenda na anaingia anayekusudia kutenda. Tunacho kiambishi ambacho kingetosha kuizuia ndege ile. Kama sentensi ingesema "tumeanza kuruka", -me- isingemwachia mwongoza ndege nafasi ya kuelewa vingine, na nafikiri angepiga kelele.

Badala yake alijibu kwa neno dogo la kukubali, lile tunaloliita hapa "sawa". Akanyamaza kidogo, halafu akaongeza kwamba wasubiri, atawaita. Pan Am nao, kwa hofu, wakasema wakati uleule kwamba bado wako njiani. Sauti mbili zikagongana kwenye wimbi moja, na katika chumba cha KLM ukasikika mlio mkali wa mitambo. Likasikika neno la kwanza peke yake: sawa. Walikufa watu 583.

Baada ya hapo neno "kuruka" likafanywa mwiko. Leo hutamkwa wakati wa kutoa ruhusa yenyewe ya kuruka, au wa kuifuta. Kwingine kote wanasema "kuondoka". Wazee wetu walikataza kumtaja nyoka usiku kwa jina lake, wakampa jina la kuzungushia. Waongoza ndege wamejifunza adabu hiyohiyo mbele ya neno moja. Ile "sawa" nayo imefungiwa mlango. "Roja", ambayo wengi wetu tunaifahamu kwa walinzi wenye redio za mkononi, ina maana moja, nimepokea ulichosema. Haina maana ya ndiyo, wala nitafanya, na hairuhusiwi kuchukua nafasi ya kurudisha agizo la kimo au la njia ya kurukia. Yapo yasiyolazimika kurudishwa, kama upepo. Kanuni imechagua ni maneno gani yabebe roho za watu, na hayo ndiyo yanayosemwa mara mbili.

Neno ninalolipenda kuliko yote katika utanzu huu ni "siwezi". Rubani akipewa agizo asiloweza kulitekeleza kwa usalama, hulijibu kwa neno hilo kwanza; sababu kwa kawaida hufuata baadaye, kwa ufupi. Haombi radhi. Haelezi kwanza ukoo wa sababu. Najua uzito wa jambo hili kwa sababu nimekulia mahali ambapo kumwambia mzee "siwezi, mzee" ni karibu na tusi. Tunasema "nitajaribu", "tutaona", "Mungu akipenda", na tukiitwa tunaitikia "ego", ndiyo ya Kirundi, hata moyo ukiwa umeshakataa. Ni adabu nzuri, imetunza nyumba nyingi. Angani imeua. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca kutoka Colombia ilizungushwa muda mrefu karibu na New York. Rubani msaidizi aliwaambia waongoza ndege kwamba mafuta yanaisha, lakini alilisema kwa upole, mwishoni mwa kurudisha agizo, kama mtu anayeongeza salamu kwenye barua. Neno la dharura hakulitamka. Mafuta yakaisha kweli, ndege ikaanguka, wakafa watu 73. Maudhui yalikuwa yamefika. Yalikosa umbo la kuwaamsha waliokuwa upande wa pili.

Umbo hilo lipo, na limetoka kwenye Kifaransa kinachosikika hata Kamenge. "Mayday" imetokana na Kifaransa cha "nisaidieni", nayo husemwa mara tatu. Dogo lake ni "pan-pan", mara tatu vilevile, kwa shida ambayo haijafikia hatari ya kifo, na chanzo chake ni neno la Kifaransa ambalo mafundi wetu wa barabarani hulitumia kutwa nzima wakisema gari imefanya pane. Sikujua hilo kwa miaka mingi. Tangu nijue, kila nikipita pale wanapofungua injini nasikia neno la marubani.

Lipo pia umbo la kumnyamazisha mwongoza ndege. Tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen, kusini mwa Ujerumani, mtambo wa kuzuia kugongana uliwaambia marubani wa Tupolev wapande, na mwongoza ndege, aliyekuwa peke yake akihudumia meza mbili, akawaambia washuke. Amri mbili, vinywa viwili. Walimtii binadamu. Ndege ya pili ilikuwa inautii mtambo wake, nayo ikashuka. Walikufa 71, wengi wao watoto. Sasa kanuni iko wazi: mtambo ukisema, rubani anautii na kutangaza kwa kifungu kifupi kwamba anaufuata, na mwongoza ndege anaacha kumwagiza mpaka hatari ipite. Sijui utanzu mwingine wa maneno ambamo aliye chini ana kifungu cha kusimamisha mamlaka ya aliye juu, na aliye juu anaitikia kwa kukaa kimya.

Simama Kamenge utazame magharibi. Milima ile ng'ambo ya Rusizi, juu ya Uvira, iko chini ya anga ya Kinshasa, mojawapo ya anga kubwa za Afrika ambazo kwa miaka mingi ndege zimezipita bila jicho la rada. Pasipo rada mwongoza ndege hutenganisha kwa saa na kwa karatasi: ulipita wapi, saa ngapi, unatarajia kufika wapi. Ngazi nazo zimegawanywa kama vina, ndege zinazokwenda mashariki zikichukua maelfu ya futi yaliyo witiri, za magharibi yaliyo shufwa. Mgao huo ukivunjwa na sauti zisipofika, ardhini hakuna kingine. Tarehe 13 Septemba 1997, Tupolev ya jeshi la Ujerumani iliyotoka Niamey kwenda Windhoek iligongana na C-141 ya jeshi la Marekani iliyotoka Windhoek, nje ya pwani ya Namibia. Tupolev ilikuwa kwenye ngazi 350, ambayo kwa mgao uliotumika wakati ule kwenye kimo kile haikuwa ya upande wake. Walikufa wote, 33, na hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba wanaelekeana.

Kwa ajili ya anga za namna hiyo IATA, chama cha mashirika ya ndege, ilianzisha utaratibu wa marubani kujitangaza wenyewe kwa wenyewe kwenye wimbi la 126.9. Umbo lake liko hivi, mfano ukiwa tena ni wangu:

— Vituo vyote, huyu ni Tano Hotel Alfa Mike Juliett, anga ya Kinshasa, ngazi tatu tano sifuri, naelekea mashariki, kutoka Kinshasa kwenda Dar es Salaam, Kananga saa moja tisa sifuri nne, natarajia Kalemie moja tisa tano nane, Tano Hotel Alfa Mike Juliett, ngazi tatu tano sifuri, anga ya Kinshasa.

Huu ni ubeti wa mtu mmoja. Hakuna wa kumrudishia maneno, kwa hiyo anajirudishia mwenyewe. Jina, ngazi na anga vilivyofungua ndivyo vinavyofunga, ili aliyechelewa kufungua sikio apate yaliyo muhimu mara ya pili. Wale wawili wa ubeti wa kwanza wameingizwa ndani ya sauti moja, mtumaji na mtumwa. Halafu anaachia kitufe na kusikiliza, kisha baada ya dakika ishirini, au mapema zaidi akiwa anakaribia kituo au kubadili ngazi, anaanza tena. Kimya kinachofuata si kile cha mwongoza ndege aliyeridhika. Kinaweza kuwa kwamba hakuna mtu. Kinaweza kuwa kwamba yupo mtu na redio yake iko kwenye wimbi jingine.

Wakati mwingine inajibu sauti. Inasema tumekusikia, sisi tuko tatu sita sifuri, tunakuja mkabala. Ngazi 360, shufwa, ya magharibi, futi 1,000 juu yake. Wanatafutana kwa macho gizani, mmoja anawasha taa za kutua na kuzizima, mwingine anafanya vilevile, na kwa sekunde chache kila mmoja anaiona nafasi iliyokuwa ya maneno tu. Utanzu huu, ulioondoa hodi na habari za nyumbani, haukuweka kanuni ya neno linalofuata, lakini marubani hulisema.

— Nimekuona. Usiku mwema.

— Usiku mwema.